Kikapu cha Kuumulia Mkate

Mama atakaye kuoka mkate wa ngano nyumbani hukanda unga kwa maji, chumvi na hamira, kisha huliacha donge mahali penye joto lipate kuumuka. Jambo hilo wengi wenu mmeliona. Lakini donge lililokandwa vizuri, likiwekwa juu ya meza tupu bila kitu cho chote cha kulizuia kando, haliumuki kwenda juu tu. Hutambaa pande zote kama tope wakati wa mvua, na baada ya saa moja huwa pana na bapa. Likitiwa tanurini hutoka mkate ulio kama chapati nene, mgumu pembeni na mzito katikati. Unga wa ngano si kitu cha kuchezea. Katika nyumba nyingi hununuliwa kwa fedha ya jasho, na mkate ulioharibika hauwezi kurudishwa kuwa unga tena. Kwa hiyo waokaji wa tangu zamani walitafuta njia za kulizuia donge lisitambae.

Njia moja mnaijua, nayo ni bati. Mikate ya dukani, ile ikatwayo slesi, huumukia ndani ya bati na kuokwa ndani ya bati lile lile. Aokaye kwa bati hana haja ya kikapu. Kadhalika mkate wa kumimina, ambao ni uji mzito wa mchele na nazi, humiminwa katika sufuria. Na mkate wa mofa hubandikwa ukutani mwa tanuri la udongo ukaiva papo hapo. Lakini ziko nchi ambako mkate wa kila siku ni mkubwa, wa mviringo, wenye ganda gumu, nao huokwa juu ya mawe ya tanuri bila bati. Huko donge huumukia katika kikapu.

Nchi iliyo mashuhuri kwa vikapu hivyo ni Ujerumani, pamoja na jirani zake. Sababu yake ni nafaka. Katika sehemu nyingi za huko watu hulima nafaka iitwayo rai, kwa kuwa rai huvumilia baridi na ardhi hafifu mahali ambapo ngano hushindwa. Unga wa ngano ukikandwa hufanya utando wenye kunyumbuka kama mpira, uitwao gluteni. Unga wa rai haufanyi utando wa nguvu namna hiyo. Donge lake hunata kama udongo wa mfinyanzi, wala haliwezi kusimama peke yake. Basi lisipozuiliwa, limekwisha.

Zamani vijiji vingi vya Ujerumani vilikuwa na tanuri moja la kijiji kizima, katika kijumba cha mawe. Kuwasha tanuri kubwa kwa ajili ya mikate miwili ni kupoteza kuni, kwa hiyo watu waliwekeana zamu, na kila nyumba iliyopata zamu yake ilioka mikate ya kula juma zima au majuma mawili. Siku ya kuoka wanawake walikwenda wamebeba vikapu, kila kikapu na donge lake. Fikirini sasa hali ya mtu ambaye donge lake limenata kikapuni. Alipolipindua lilipasuka, hewa ikatoka, na tanuri halimngoji mtu, maana joto lake hupungua kila dakika. Watu wa nyumba yake walikula mkate ulioshikamana kama jiwe mpaka zamu nyingine. Ndipo mtajua kwa nini wanawake hao walivitunza vikapu vyao kwa uangalifu mwingi kuliko sisi tunavyovitunza vyombo vya bei kubwa.

(Tumesoma habari za wana wa Israeli, jinsi walivyotoka Misri usiku na unga wao uliokandwa, haujaumuka bado, wakiubeba mabegani katika vyombo vilivyofunikwa kwa nguo. Hao hawakuwa na nafasi ya kungoja.)

Ni nini hasa kifanyikacho ndani ya kikapu? Kati ya mwaka 1857 na 1860 Mfaransa mmoja mwenye elimu, Louis Pasteur, alionyesha ya kuwa chachu ni kitu kilicho hai. Hamira ni viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu, navyo hula sukari iliyomo katika unga. Vikiisha kula hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo hunaswa ndani ya utando wa gluteni, ikafanya mapovu maelfu. Donge likijaa mapovu huwa jepesi, na kwa sababu ni jepesi na laini halina nguvu ya kusimama. Kikapu hulishika kando mpaka wakati wa kuingia motoni.

Tena kikapu hufanya kazi ya pili ambayo bakuli la bati haliwezi kuifanya. Nyuzi zake hunyonya unyevu kidogo kutoka juu ya donge, na hewa hupita katikati ya msuko. Kwa hiyo donge hupata ngozi nyembamba, kavu kidogo, inayolisaidia kukaa na umbo lake likipinduliwa. Ngozi hiyo ndiyo inayokuwa ganda zuri la mkate. Siku hizi vinauzwa pia vikapu vya plastiki. Hivyo huoshwa kwa urahisi, lakini havinyonyi cho chote. Mimi sioni faida yake kupita bakuli la kawaida lenye kitambaa ndani.

Sasa tuangalie vikapu vyenyewe. Vile vya zamani vya Ujerumani vilifanywa kwa majani makavu ya nafaka. Fundi huchukua konzi ya majani, akaipitisha katika kipande cha pembe ya ng'ombe kilicho tupu ndani, ili unene wake uwe sawasawa kama wa kidole. Kisha huizungusha kama nyoka aliyejikunja, na kila mzunguko huushona na ule wa chini yake kwa ukamba mwembamba uliopasuliwa kutoka mti au mwiba. Mizinga ya nyuki ya huko ilisukwa kwa namna iyo hiyo. Watu wa Buganda na wa Rwanda hawana haja ya kuelezwa habari hii sana, kwa sababu vikapu vyao mashuhuri husukwa kwa kuzungusha na kushona vivyo hivyo, ingawa majani ni mengine na kazi ni nyingine.

Wafaransa hupenda vikapu vya fito nyembamba, navyo huvitandika kitambaa cha kitani kilichoshonewa ndani. Na vikapu vinavyouzwa sana leo ni vya henzirani. Mmea huo hutambaa juu ya miti katika misitu ya Asia ya kusini-mashariki, hasa Indonesia. Gamba lake la nje huvuliwa likasukiwa viti, na moyo wake wa ndani ndio unaozungushwa kuwa kikapu. Mkate uliolala katika kikapu cha henzirani hutoka na mistari myeupe ya unga, duara ndani ya duara, nao hupendeza macho kabla ya kupendeza kinywa.

Atakaye kuchagua kikapu na atazame kwanza ukubwa. Kwa unga gramu 500, maji gramu 325 na chumvi gramu 10, pamoja na hamira kidogo, utapata donge la gramu 840 hivi. Donge hilo lafaa kikapu cha mviringo chenye upana wa sentimita 22 mdomoni, ambao ni kama shibiri moja ya mtu mzima, na kimo cha sentimita 8. Donge likiingia lijaze nusu ya kikapu, kwa maana lazima lipate nafasi ya kupanda. Watu wengi hununua kikapu kikubwa mno wakidhani kwamba ukubwa ni faida. Donge dogo ndani yake hutandaa chini, ni kama kwamba hakuna kikapu.

Kisha tazama umbo. Mdomo uwe mpana kuliko kitako, la sivyo mkate hautatoka. Pitisha vidole ndani polepole, usikie kama kuna vijiti vilivyochomoza, misumari au waya. Msuko usiwe wazi; pakacha la makuti halifai kabisa, kwa kuwa donge litajipenyeza katika matundu na kushikwa humo. Kikapu kilichopakwa rangi au vanishi kiache pale pale dukani. Vanishi huzuia unyevu usinyonywe, na rangi, hasa ile ya kutiwa katika ukindu, huweza kutoka ikaingia katika unga ulio maji. Kinuse pia. Kikapu chenye harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu kimekwisha kuanza kuota kuvu.

Mtu asiye na duka la vikapu hivyo karibu asikate tamaa. Kikapu kidogo cha ukindu kisichotiwa rangi, kilichosukwa kwa kubana, hufaa sana kikitandikwa kitambaa. Kitambaa kiwe cha pamba au kitani, laini, kisicho na manyoya. Marekani iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko taulo, maana nyuzi za taulo hushikana na donge kama vidole. Hata bakuli la mti lenye kitambaa litafanya kazi. Mkate wako hautakuwa na ile mistari, lakini hakuna alaye mistari.

Kikapu kipya kisitiwe donge siku ile ile. Kwanza kikung'ute, kisha kinyunyizie maji machache sana kwa vidole, kama mpiga pasi anyunyizavyo nguo. Kinyunyizie unga mwembamba wa mchele, usugue kwa mkono uingie katika kila mfereji wa msuko, halafu ukiache kikauke kabisa. Fanya hivyo mara mbili. Kwa nini unga wa mchele? Kwa sababu mchele hauna gluteni. Unga wa ngano ukikutana na donge lenye maji hugeuka kuwa gundi. Unga wa mchele hukaa kama mchanga mkavu katikati ya donge na kikapu. Wengine huchanganya nusu mchele na nusu ngano, nao hufanikiwa. Wajerumani hutumia unga wa rai. Sisi tulio na mchele nyumbani tuna kitu kilicho bora kuliko vyote kwa kazi hii.

Siku ya kuoka, acha donge liumuke mara ya kwanza katika bakuli la kukandia. Kisha lifinyange liwe duara, ukivuta kingo zake zote kuelekea mahali pamoja, mpaka upande wa pili uwe umekaza kama ngozi ya ngoma. Nyunyiza unga wa mchele kikapuni, tena nyunyiza kidogo juu ya ule upande uliokaza. Weka donge ndani, upande uliokaza ukiwa chini na mahali pa kingo pakiwa juu. Wanafunzi wengi hukosea hapa. Lakini kumbukeni kwamba kikapu kitapinduliwa, na kilicho chini ndicho kitakachokuwa juu ya mkate. Funika kwa kitambaa ili uso wa donge usikauke na nzi wasilifikie.

Sasa ngoja, lakini usingoje kwa saa ya ukutani peke yake. Katika nchi ya baridi donge laweza kukaa kikapuni saa 2 au zaidi. Mombasa au Dar es Salaam, mchana wa joto, dakika 45 huenda zikatosha. Donge lenyewe ndilo litakalokuambia. Tia unga kwenye ncha ya kidole, ulibonyeze taratibu. Kibonyeo kikirudi upesi, bado. Kikirudi polepole na kuacha alama ndogo, wakati umefika. Kisiporudi kabisa, umechelewa. Mapovu yamekuwa dhaifu, na mkate utaporomoka tanurini. Kwa hiyo tanuri liwe limekwisha kupata moto kabla donge halijawa tayari.

Weka ubao au bati lililonyunyiziwa unga juu ya mdomo wa kikapu, pindua vyote pamoja, kisha inua kikapu taratibu. Kikigoma, usikitikise kwa hasira. Kishike juu kidogo ungoje, uzito wa donge utalivuta. Chanja mkate juu kwa wembe mara moja au mbili, upate njia ya kupanukia, na kuutia motoni. Tanuri la nyuzi 230 za Selsiasi huuivisha kwa dakika 35 hadi 40. Ukiupiga chini kwa kidole utalia kama kitu kilicho tupu. Nasema jambo moja ambalo halikupaswa kusemwa, ila limetokea: kikapu hakiingii tanurini pamoja na mkate.

Mkate ukiisha kutoka, kazi ya kikapu haijaisha. Adui yake mkubwa ni maji, na adui wengine wote humfuata yeye. Usikioshe kwa sabuni, wala usikiloweke. Sabuni huingia katika nyuzi na kutokea tena katika mkate, na kikapu kilicholowa hukaa na unyevu ndani siku nyingi hata kikionekana kikavu nje. Kiache kikauke kwanza mahali penye hewa, kikiwa wazi; katika nchi yetu jua la saa mbili au tatu latosha. Kisha kikung'ute na kukisugua kwa burashi ngumu iliyo kavu, ukifuata mifereji ya msuko, mpaka mabaki ya donge yatoke. Unga mwembamba unaobaki ndani ya nyuzi si uchafu. Huo ndio unaokifanya kikapu cha zamani kisinate kuliko kipya. Kitambaa chake hukung'utwa na kuanikwa vivyo hivyo, na kikifuliwa, kisuuzwe mpaka harufu ya sabuni iishe.

Kitundike ukutani, au kiweke juu ya rafu iliyo wazi. Usikifungie katika debe au mfuko wa plastiki, wala usivipachike vikapu viwili kimoja ndani ya kingine kabla havijakauka. Pwani, wakati wa masika, hata kikapu kilichokauka jana chaweza kuota kuvu kesho, kwa maana hewa yenyewe ina maji. Wakati huo kitazame kila siku chache, hata kama huoki.

Wadudu wa unga nao hupenda mifereji ya msuko. Waokaji wa Ulaya, mkate ukiisha kutoka, hutia vikapu katika tanuri lililopoa kiasi, nyuzi 120 hivi, kwa muda wa nusu saa, na joto hilo huua wadudu na mayai yao. Mwenye tanuri la makaa asiye na kipimo cha joto na anyunyize unga kidogo juu ya sakafu ya tanuri. Unga ukigeuka rangi upesi, moto bado ni mkali, na kikapu kitaungua. Ukibaki mweupe muda wa dakika kumi, kiingize, wala usiende mbali.

Juu ya kuvu nitasema zaidi, kwa kuwa hapa watu hufanya mchezo. Madoa machache juu ya kikapu, yaliyoonekana mapema, husuguliwa nje ya nyumba, kikapu kikaanikwa juani na kutiwa katika joto lile nililolitaja. Lakini kuvu iliyoingia ndani ya nyuzi, nyeusi au ya kijani, yenye harufu, haitoki. Mtu atasema, "Moto utaiua." Ni kweli, moto utaua kuvu yenyewe; lakini aina nyingine za kuvu huacha sumu, na sumu hizo huweza kustahimili joto ambalo limekwisha kuiua kuvu. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa sababu ya mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu. Mahindi hayo hayakuhusu vikapu, na kuvu ni za aina nyingi, wala si zote zenye sumu. Ila hakuna mtu awezaye kuzitambua kwa macho jikoni mwake. Kikapu cha namna hiyo kichomwe moto, na kingine kisukwe.

Maswali

1. Kwa nini donge la rai huhitaji kikapu kuliko donge la ngano?
2. Mtu ana unga gramu 750 naye ataka kutumia vipimo vya somo hili. Atatia maji gramu ngapi na chumvi gramu ngapi?
3. Eleza tofauti ya unga wa mchele na unga wa ngano unaponyunyizwa kikapuni.
4. Tafuta kwenu kikapu kimoja kilichosukwa kwa kuzungusha na kushona, na kingine kilichosukwa kwa ukili. Ni kipi kitakachofaa kuumulia mkate bila kitambaa? Toa sababu.